Zuhura, usiyaoshe makombe ya Mzee

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, watoto hawajambo, mengine tutasalimiana baadaye. Nimesoma ujumbe wako usiku huu na usingizi umeniruka. Eti umeanza kupanga vitu vya marehemu baba yako, umefika kwenye makabati ya makombe yake ya konokono, umeyakuta yameota unga mweupe na yananuka siki, sanduku moja umeshaliosha, na kesho kutwa utayaosha yaliyobaki yote kwa klorini. Yale mazuri utayatia kwenye bakuli la kioo sebuleni, "na makaratasi yaliyochakaa nayachoma." Zuhura! Weka hiyo ndoo chini. Kaa kitako, usome barua hii hadi mwisho, kisha nitakuachia ufanye utakavyo. Mwongo mimi, sitakuachia.

Kwanza huo unga. Si kuvu, wala si uchafu wa miaka. Kombe ni chokaa, na chokaa ikikutana na asidi huliwa. Mbao hutoa mvuke wa asidi kidogo kidogo, mwaloni ndio kinara wao, na maboksi ya karatasi nayo hayako nyuma. Kabati likifungwa miaka na miaka, na unyevunyevu umo, ule mvuke huyatafuna makombe na kuacha chumvi nyeupe juu yake. Ndiyo hiyo harufu ya siki. Sisi wa kazi hii ya kuchunguza konokono tunauita ugonjwa wa Byne, kwa jina la Mwingereza aliyeuandikia mwaka 1899, ingawa yeye alidhani ni kazi ya bakteria. Kwa hiyo usimlaumu Mzee. Alijenga makabati mazuri, ya mbao nzito, milango haipitishi hata sisimizi, na hilo ndilo tatizo lenyewe.

Klorini si dawa yake. Yale yaliyoumwa sana yatalowekwa kwenye maji safi yasiyo na chumvi, maji yabadilishwe mara kadhaa, yakaushwe hadi yakauke kweli, halafu yasirudi tena kwenye mbao. Lakini usianze peke yako. Nitakuja, au nitamtuma yule kijana wangu wa maabara, yule uliyemcheka viatu. Kwa sasa fungua milango ya makabati, hewa ipite. Basi.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo ninapokuomba kwa magoti. Ukinipa kombe zima, linang'aa, halina karatasi, nitalishukuru na kuliweka dirishani. Ukinipa lililovunjika mdomo, rangi imekwisha, lakini lina kikaratasi kinachosema limeokotwa wapi, lini, chini ya mti gani na nani aliyeliokota, hilo nitalifungia kwenye droo yenye ufunguo. Vile vikaratasi vya manjano unavyotaka kuvichoma ndivyo vilivyomgharimu baba yako maisha yake. Makombe yenyewe angeweza kuyaokota mtu yeyote.

Fanya hivi sasa hivi. Chukua kombe lolote kubwa kidogo, lielekeze kwenye mwanga, uchungulie ndani ya mdomo wake. Utaona namba ndogo kwa wino mweusi, mwandiko wa Mzee ule wa kulalia kushoto, saba yake ina mkato katikati. Wale konokono wadogo wasioandikika wamo kwenye vichupa vyembamba vya kioo vilivyozibwa kwa pamba, na namba iko kwenye kikaratasi kilichokunjwa humo ndani, upana wake haufiki ukucha wa kidole cha mwisho. Kila namba ina mstari wake kwenye daftari. Ndiyo sababu hasa ya barua hii. Zuhura, daftari liko wapi?

Nitakuambia kwa nini ninalitafuta kama mwehu. Unakikumbuka kile kilima cha chokaa alichokuwa akitupeleka wakati wa likizo, sisi tunataka kukimbilia pangoni, yeye amepiga magoti anachambua majani makavu? Kimeshapimwa kwa ajili ya machimbo. Nimekwenda huko na wanafunzi wangu. Tumechekecha udongo chini ya miamba, tukaubeba, tukaukausha, nami nimekaa na darubini na brashi yenye ncha ya maji ninaokota punje moja moja hadi shingo ikakakamaa. Kuna konokono mle hafiki milimita 2. Gamba lake lina mbavu nyembamba zilizosimama, na mdomoni ana vijino, kimoja kirefu kiasi kwamba kinakaribia kuziba njia. Nimepata magamba yake, matupu yote. Mengine bado yana ule utando wa nje na yanang'aa, kwa hiyo wenyewe hawakufa zamani sana. Mengine yamekuwa meupe, yanavunjika ukiyapumulia. Kwenye udongo wa chokaa gamba tupu hudumu mno, haliwezi kunithibitishia peke yake. Aliye hai sijamwona.

Na Mzee alimwona! Aliniambia mwenyewe, kwamba mvua ikishanyesha hutoka na kutambaa kwenye mwamba wenye kivuli upande mmoja wa kilima. Upande upi, sijui alisema. Mimi nilikuwa mtoto, mawazo yangu yako pangoni. Imo kwenye daftari, naapa. Mtu aliyeandika hadi hali ya hewa hawezi kuacha kuandika upande wa kilima.

Wale waliofanya tathmini ya mazingira wameleta ripoti nene ajabu. Popo wamo, ndege wamo, mpaka picha ya kenge imo ukurasa mzima. Konokono wamepewa mstari mmoja: hakuna aina yenye umuhimu. Nikauliza ni nani aliyewatafuta, nikaambiwa walipita kilimani mwezi wa kiangazi. Kiangazi, Zuhura. Konokono wamejichimbia ardhini, wamejifunika milango, mtu anapita na kalamu anaandika hawapo.

Usidhani ninatia chumvi nikisema kilima kimoja kinaweza kuondoka na mnyama wake. Malaysia alikuwepo konokono mdogo, Plectostoma sciaphilum, ambaye dunia nzima alikuwa na kilima kimoja tu cha chokaa. Kilichimbwa kwa ajili ya saruji mpaka kikaisha, naye akaisha nacho. Wanyama hawa hawahami. Anayeishi kwenye chokaa hawezi kuvuka bonde lenye udongo wa tindikali kwenda kutafuta chokaa nyingine, na kwa sababu hiyo hiyo kila kilima huwa na wake. Utajiri wao na balaa lao chanzo chake ni kimoja.

Tena kuna walio na bahati mbaya zaidi. Visiwa vya Gambier, katikati ya Pasifiki, mwaka 2013 wataalamu wawili walichapisha aina mpya za konokono wa nchi kavu ambao walikuwa wameshatoweka. Walichokuwa nacho ni magamba matupu yaliyookotwa ardhini. Wamepewa jina na hati ya kifo kwa karatasi ile ile. Mmoja wa hao wataalamu ni Philippe Bouchet wa makumbusho ya Paris, yule ninayemtaja kila tukikaa mpaka shemeji akaniuliza kama nimeposwa naye. Acha anicheke. Bouchet na wenzake walikwenda Koumac, New Caledonia, wakachunguza moluska, yaani konokono, chaza, pweza na jamaa zao wa mwili laini, wa eneo la bahari la kilomita za mraba 295, wakapata aina 2,738. Eneo moja tu! Na sikiliza hili: asilimia 20 ya aina hizo walizipata kwa kombe moja pekee, moja, basi. Theluthi hivi ya aina hizo, hata wakikomaa, hawazidi milimita 4 na kidogo. Makala ilitoka mwaka 2002 na mimi mpaka leo nikiisoma nahisi kizunguzungu. Ile picha tuliyo nayo vichwani ya makombe makubwa ya kupuliza na pweza na chaza, hao ni wachache waliobahatika kuonekana. Moluska wenyewe ni vumbi. Vumbi lenye meno.

Sasa ukizingatia kwamba aina za moluska zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 80,000, na kwamba kundi lote hilo linapitwa kwa wingi na wadudu na jamaa zao peke yao, ungetegemea watu wahangaike nao. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2004 ilionyesha kwamba katika wanyama wote waliothibitishwa kutoweka tangu mwaka 1500, asilimia 42 walikuwa moluska. Karibu wote ni wa nchi kavu na wa maji baridi, mito na maziwa. Mwaka 2022 Robert Cowie, huyo Bouchet wangu na Benoît Fontaine walikwenda mbele zaidi: wakitumia konokono kama kipimo, wakakadiria kwamba kati ya aina milioni 2 za viumbe zinazojulikana huenda asilimia 7.5 hadi 13 zimeshapotea tangu 1500. Orodha Nyekundu ya IUCN, ile ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, haionyeshi chochote cha namna hiyo, kwa sababu ndege na mamalia wamechunguzwa karibu wote, na hawa wangu wengi hata hawajafunguliwa jalada.

Nilikuwa mbele ya kamati moja ya kugawa fedha majuzi, jina nalihifadhi maana bado nataka fedha zao. Mzee mmoja mwenye miwani akaniuliza, kwa upole kabisa, konokono hao wana faida gani. Nikatoa jibu ambalo sote tunalitoa: sumu ya konokono wa baharini aitwaye Conus magus imetupatia ziconotide, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004. Wakatikisa vichwa, wakaandika. Nami nikatoka nimekasirika hadi nikasahau mwavuli. Kwa sababu yule wangu wa milimita 2 hana sumu wala dawa. Hula ukungu kwenye mwamba, anakufa, gamba lake linarudi kuwa chokaa. Nikimtetea kwa faida ya binamu yake wa baharini nitakuwa nimekubali kwamba yeye mwenyewe hastahili. Lakini fedha nazitaka, kwa hiyo nitaendelea kuimba ziconotide. Tuyaache hayo.

Turudi kwenye daftari. Nikupe mfano wa daftari lililofanya kazi. Kulikuwa na Mmarekani, Henry Crampton, aliyezunguka visiwa vya Pasifiki akikusanya konokono wa jenasi Partula, bonde kwa bonde, akipima kila gamba. Alitoa vitabu vizito, cha Tahiti mwaka 1916, cha Moorea mwaka 1932. Ukivifungua ni majedwali tu, unasinzia. Baadaye konokono wakubwa wa Afrika waliopelekwa visiwani na watu wakazaana na kula mazao, na ili kuwakomesha, mwaka 1977 Moorea wakaletewa konokono mwingine mla konokono, Euglandina rosea, kutoka Marekani. Yule mgeni hakujishughulisha sana na wale wakubwa. Akawageukia Partula. Kufikia mwaka 1987 ilionekana Moorea hakuna tena Partula porini. Wataalamu walikuwa wamewahi kuondoka na wachache, wakafugwa kwenye masanduku ndani ya bustani za wanyama, London na kwingineko, vizazi na vizazi. Kuanzia mwaka 2015 wamekuwa wakirudishwa, kila mmoja ana doa la rangi mgongoni ili ajulikane. Na mwaka 2024, kwa Partula tohiveana wa Moorea, walipatikana wakubwa wasio na doa. Unaelewa maana yake? Wamezaliwa huko huko. Wameondolewa kwenye kundi la waliotoweka porini. Nililia ofisini, na si mara nyingi nalia ofisini kwa jambo jema. Bila yale majedwali ya kusinzisha, nani angejua kila bonde lilikuwa na nani?

Si wote walioishia hivyo. Konokono aliyeitwa George alikufa tarehe 1 Januari 2019, kule Hawaii, ndani ya maabara, umri wake kama miaka 14, wa mwisho wa Achatinella apexfulva. Hao huzaa watoto hai, wachache, na huchelewa sana kukomaa, kwa hiyo wakianza kupungua hawarudi. Wazungu waliwajua kwanza kwa shada la magamba alilopewa nahodha George Dixon, akamchapisha mwaka 1789. Wa kwanza kwenye vitabu, George. Wa mwisho kwenye kioo, George. Najua ungecheka, nami nilicheka kidogo.

Nilitaka kukusimulia na kome wa mito, maana una bwawa huko mbele ya nyumba na utawapenda, lakini saa zimekwenda. Kwa ufupi: watoto wao lazima waning'inie kwenye mashavu ya samaki wiki kadhaa ndipo wawe kome. Wengine mama hutoa nyama yenye umbo la samaki mdogo, na macho yake, akaichezesha majini ili samaki mkubwa aiume, kisha amrushie watoto usoni. Yupo mmoja, Epioblasma triquetra, ambaye humbana samaki kichwa kabisa kati ya makombe yake mawili, ampakaze watoto, ndipo amwachie. Ukijenga bwawa samaki yule asipite, kome haonyeshi dalili yoyote. Anaendelea kuishi makumi ya miaka, mto umejaa wazee watupu, na mtu akipita atasema kome wako wengi. Mwaka 2023 Marekani ilitangaza aina 21 za viumbe kuwa zimetoweka. 8 kati yao ni kome. Kwa hiyo ukiona kome mle bwawani, tafuta wadogo. Wakubwa wasikudanganye.

Basi, nakuomba. Kabla hujahamisha kitu, piga picha kila droo ilivyo, kwa juu, namba zisomeke. Kikaratasi kikiwa kimelala karibu na kombe, viache pamoja hata kama unaona havihusiani. Mzee hakuweka kitu ovyo. Ukilazimika kuhamisha, kila kombe na karatasi yake kwenye mfuko wake wa plastiki. Ukiandika, andika kwa penseli, wino hufifia. Gundi ya utepe usiisogeze karibu. Lile sanduku unalosema umeshaliosha, usijitie simanzi, niletee lilivyo, na maji yale kama bado hujayachuja uyapitishe kwenye kitambaa, huenda kuna vichupa vilivyofunguka. Na hayo ya bakuli la kioo nitakupa mimi, ninayo mengi yasiyo na karatasi, mazuri kuliko hayo, hata ukitaka kujaza beseni.

Sasa nijibu, nakusihi, hata kwa maneno mawili. Daftari lilikuwa na jalada jeusi au la kijani, na lilikuwa moja au mawili? Umetazama chini ya kitanda chake, na ndani ya lile begi la ngozi la shambani? Kaka yako alibeba vitabu gani siku ile ya mgawanyo, na je, ukimwuliza wewe atasema, au nimwulize mimi kupitia mkewe? Namba za wino zinasomeka bado au unga umezila? Kuna yeyote aliyekuja kuulizia makombe kutaka kuyanunua? Usimpe mtu, hata akikuonyesha barua yenye mhuri. Na wewe mwenyewe unalala? Mama anasemaje kuhusu nyumba, anaiuza kweli au ni hasira tu? Nikija mwisho wa mwezi nitakuwa nasumbua?

Ile kesi ya machimbo inasikilizwa baada ya mvua. Nikipata ukurasa mmoja tu wenye kilima kile, upande na tarehe, nitaingia nao.

Shoga yako,
Rukia

Nimesahau: zile chupa za rafu ya chini zenye makonokono uchi na vipweza ndani, usizimwage. Ile ni spiriti. Usizisogeze jua kali, na tafadhali usiwashe mshumaa chumba kile.